Vidole Hukumbuka, Midomo Husahau

Ukambani umelea wapiga tarumbeta kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kambi. Enzi za King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, Wakamba walisajiliwa kwa wingi, na kambini ni tarumbeta lililoamsha watu, likawaita kula na kuwaamuru kulala. Baada ya uhuru, bendi za jeshi, polisi na magereza ziliendeleza kazi hiyo. Ya pili ni Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921 na desturi yake ya bendi za matarumbeta, iliyoanzishwa na familia ya Fry mjini Salisbury, Uingereza, mwaka 1878. Ndiyo maana katika soko la kando ya barabara kama Salama, kule malori ya Mombasa yanakosimama watu wapate chai, si ajabu kukutana na mstaafu mwenye koneti, lile tarumbeta fupi la bendi, uvunguni mwa kitanda, ambaye hajaigusa tangu avue sare. Au mama aliyepiga koneti katika bendi ya vijana, akaolewa, akalea, na sasa watoto wamejitegemea na mkono unamwasha.

Ninaowafundisha wengi ni watu wa namna hiyo, na kosa linalowaumiza ni moja. Anayeanza upya hajui kitu, kwa hiyo huenda polepole. Anayerudi anajua mengi mno. Vidole vinakumbuka valvu zote, sikio linakumbuka sauti ya pili na ya tatu, macho yanasoma noti bila shida. Kilichokwisha ni nguvu ya msuli mdogo unaozunguka mdomo. Nguvu ya msuli usiotumika hupungua ndani ya wiki chache tu, na hapa tunazungumzia miaka. Kichwa kinaagiza wimbo wa Pasaka kama ulivyopigwa zamani, midomo inashindwa, na mtu anaziba upungufu huo kwa kukandamiza chombo usoni. Sauti hutoka, tena ya juu, na jirani anasifu. Kesho yake mdomo umevimba.

Inafaa kuelewa ni kwa nini. Koneti na tarumbeta la kawaida zote ni mrija wa karibu mita moja na nusu uliokunjwa. Mrija wenyewe hauna sauti. Ni midomo inayotetemeka ndani ya mausipisi, kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo, ndiyo inayoitikisa hewa. Unapopiga so ya katikati, midomo hufunguka na kufunga karibu mara 350 kwa kila sekunde. Ukipanda hadi do ya juu, ile inayowafanya watu wageuke kutazama, mara hizo hupita 900. Kazi ya kuishika midomo ikaze kiasi hicho, lakini iendelee kuwa laini ya kutetemeka, hufanywa na msuli wa mviringo unaouzunguka mdomo pamoja na misuli ya pembe za mdomo na mashavu. Pembe zikiwa imara, katikati hubaki huru. Pembe zikilegea, mpigaji huvuta mausipisi kuelekea kwenye meno, na pete ya chuma huibana midomo, damu haipiti vizuri, ganzi inaingia. Kukandamiza huongeza sauti kwa dakika chache na kuharibu wiki nzima.

Louis Armstrong, aliyekuja hadi Nairobi katika ziara yake ya Afrika ya mwaka 1960, ndiye mfano mkubwa wa jambo hili. Alipiga kwa nguvu na kwa juu mno alipokuwa kijana, midomo yake ikachanika na kubaki na makovu, na katikati ya miaka ya 1930 ikambidi aache kupiga kwa miezi kadhaa. Madaktari baadaye walilipa tatizo la kuchanika kwa msuli wa mviringo wa mdomo jina lake la utani, Satchmo. Huyu alikuwa mtu anayepiga kila siku. Fikiria aliyelala miaka mingi.

Basi njia ya kurudi ni hii. Wiki za kwanza zigawe katika vipindi vifupi: dakika tano za kupiga, dakika tano za kupumzika, chombo kikiwa mapajani, na mara mbili kwa siku kama nafasi ipo. Robo saa asubuhi na robo saa jioni zinajenga mdomo kuliko saa moja na nusu ya Jumamosi. Pumzi kwanza. Keti wima au simama, vuta hewa mpaka mbavu za chini zipanuke pande zote, usiinue mabega, kisha iachie hewa bila kuisukuma kwa koo. Piga noti ndefu kwa sauti ndogo. Wengi hudharau sauti ndogo wakidhani ni ya wanaojifunza, ilhali ndiyo inayodai midomo ikutane sawasawa bila kusaidiwa na nguvu.

Hapa wapigaji wetu wana bahati ambayo wenzao wa nchi nyingi hawana. Aliyekulia katika kwaya za Kenya ameimba do-re-mi tangu utotoni, na tarumbeta lisilobonyezwa valvu hata moja hutoa do, so, do, mi, so, kwa mpangilio huohuo kutoka chini kwenda juu. Mwanajeshi wa zamani anazijua sauti hizo, maana ndizo zilizomwamsha. Ziimbe kwanza kwa kinywa. Kisha anza na so ya katikati, teremka hadi do ya chini bila kugusa ulimi, rudi so. Ukifika hapo kwa urahisi kwa siku kadhaa, bonyeza valvu ya pili urudie nusu toni chini, kisha ya kwanza, kisha ya kwanza na ya pili pamoja. Usipite do ya pili kwa mwezi wa kwanza. Najua ni katazo gumu kwa mtu aliyekuwa akiongoza koneti za kwanza. Lakini noti za juu huja zenyewe pembe za mdomo zikiimarika, na mtu anayezifuata mapema hujikuta anaanza tena mwezi wa tatu, safari hii akiwa na kidonda.

Kuhusu meno, lazima niseme zaidi, kwa sababu ni suala la kwetu. Maji ya visima virefu katika sehemu kadhaa za Ukambani yana floridi nyingi, na baadhi ya watu waliokulia hapo wana meno ya rangi ya kahawia. Rangi haina madhara yoyote kwa tarumbeta. Lakini pale floridi ilipozidi sana, ngozi ngumu ya jino huwa dhaifu na kumeguka, na ncha kali ya jino la mbele hukata mdomo kwa ndani kila unapopiga. Daktari wa meno anaweza kuisawazisha kwa muda mfupi. Mwenye kuhitaji meno bandia aende na mausipisi yake mfukoni amwonyeshe daktari yanapokaa, kwani jino bandia linaloteleza ndilo linalomkatisha mpigaji tamaa. Kurudi kunawezekana hata hapo. Chet Baker, Mmarekani mpiga tarumbeta wa jazi, alipigwa mwaka 1966 na meno yake yakaharibika hadi akawekewa ya bandia. Alilazimika kujifunza upya namna ya kuweka midomo, na katika miaka ya 1970 alirudi jukwaani akarekodi kwa wingi mpaka alipofariki mwaka 1988.

Kabla ya noti ya kwanza, osha chombo. Sisemi hivi kwa ajili ya kung'aa. Ndani ya mrija uliokaa miaka kuna mate makavu, vumbi na ukungu, na madaktari wamewahi kueleza mpiga trombone aliyekohoa kwa miaka mingi kwa sababu ya vijidudu na ukungu wa ndani ya chombo chake. Kilipooshwa vizuri, kikohozi kikaisha. Tumia maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, na sabuni ya vyombo. Toa valvu na uziweke kwa nambari zake, 1, 2, 3, vitambaa vyake vya juu visilowe. Sugua mirija kwa brashi ndefu, suuza, kausha, tia mafuta ya valvu. Mrija ukikwama, usichukue koleo la baiskeli. Mpelekee fundi wa vyombo vya muziki. Ukikuta jina la St Albans limechorwa kwenye koneti yako, chombo hicho kimetoka kiwanda cha Jeshi la Wokovu lenyewe, kilichofungwa mwaka 1972, na kinastahili mikono yenye subira. Angalia pia ukingo wa mausipisi: fedha ikiwa imechubuka na shaba kuonekana, midomo ya baadhi ya watu hupata vipele, nunua mengine. Na katika bendi msiazimane mausipisi bila kuyaosha kwa sabuni.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kwanza. Kupuliza kwa nguvu dhidi ya mrija mwembamba hupandisha shinikizo kifuani, na kwa muda huo hupandisha pia presha ya damu na ya macho. Mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye presha ya macho, mwenye ngiri au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni asianze kwa kusikia hamu tu. Na maumivu makali ya ghafla mdomoni, au udhaifu wa upande mmoja usioisha baada ya siku mbili tatu za kupumzika, si uchovu wa kawaida.

Lililobaki linamhusu kiongozi wa bendi zaidi ya mpigaji. Mzee anaporudi, heshima hutuvuta tumkalishe kiti chake cha zamani, koneti za kwanza, na siku hiyohiyo tumwombe atangulie maandamano ya Jumapili. Mkalisheni koneti za tatu, au mpeni baritoni kama ipo, ambako noti ni za chini na mausipisi mapana hayabani. Mwacheni aruke mistari anapochoka bila mtu kumtazama. Maandamano yasubiri, maana kupiga huku unatembea kwenye barabara ya changarawe hugonga mausipisi kwenye meno hata kwa mdomo ulio imara. Akianza Agosti kwa mpangilio huu, Krismasi atakuwa na nguvu za kutosha kumaliza ibada nzima katika sauti ya tatu, na sauti ya tatu ikipigwa na mtu mwenye sikio la miaka thelathini hubadilisha bendi yote, kwa kuwa vijana walio karibu naye huanza kupatana kwenye tuni bila kuambiwa.