Je, Wajua? Mombasa ilikuwa na Skochi wake

Jumamosi jioni, Mbezi Beach, Dar es Salaam, matarumbeta husikika kabla msafara wa harusi haujaonekana: vijana wamesimama nyuma ya pikapu, mashavu yamewavimba, dramu kubwa imefungwa kamba isidondoke. Zamani pwani hii ya Afrika Mashariki ilikuwa na matarumbeta yake ya beni, ngoma ya mashindano iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kupata jina kutokana na bendi za kijeshi.

Katika beni ya Mombasa, kundi moja lilijiita kwa jina la Waskoti! Kundi hilo, Skochi, liliingia uwanjani na sketi za mirabaraba kama za wanajeshi wa Uskoti, likapambana na wapinzani wao, Kingi. Msidhani waliiga tu. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili, mafumbo ni ya kwetu, na fedha zilizoteketea kwa sare na karamu za kumtia aibu mpinzani zilikuwa nyingi mno.

Dar es Salaam yalitambiana makundi ya Marini na Arinoti. Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914–1918, vikaisambaza beni bara pamoja na askari na wapagazi. Huko Malawi ikazaliwa kutokana nayo ngoma ya malipenga, inayochezwa mpaka leo.