Mti Anayetembea: Simularbre na Upatanisho wa Kisarufi

Kichwa cha makala haya kina kitu ambacho mwalimu yeyote wa shule ya msingi angekizungushia kalamu nyekundu. Mti hautembei, na hata ukitembea ni "mti unaotembea". Nimekiandika hivyo makusudi, kwa sababu yupo kiumbe mmoja anayeilazimisha sentensi hiyo, na katika kumfuatilia nimeona jambo kuhusu madaraja ya nomino ambalo orodha tunazokariri darasani hulipita haraka.

Pokémon ni mfululizo wa michezo ya video ulioanza Japani mwaka 1996. Mchezaji huzunguka nchi ya kubuni akikamata viumbe wa ajabu, akiwafuga na kuwapiganisha. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yaliyotamkwa Kijapani, na maana yake ni mazimwi ya mfukoni. Baadhi yao wana asili ya mimea. Bulbizarre, mwenye namba 1, ni mnyama wa miguu minne aliyebeba tunguu la mmea mgongoni. Mystherbe, namba 43, mchana hujizika ardhini na kuacha majani tu juu. Usiku hutoka akatembea. Hawa hawaisumbui sarufi. Mtu huwaona wana macho na miguu, akasema "anatembea", yakaisha.

Anayesumbua ni namba 185, aliyeingia mwaka 1999 katika toleo la Or na Argent. Hapa Goma tunamjua kwa jina lake la Kifaransa, Simularbre. Amesimama katikati ya njia kama mti mwembamba wenye matawi mawili, na mchezaji hawezi kupita. Kumzungumzisha hakusaidii. Mpaka mchezaji apate chupa ya kumwagilia maua na kumnyunyizia maji, ndipo "mti" unapochukia na kumshambulia. Hapo siri inafichuka: si mti, wala si mmea. Katika mpangilio wa mchezo yumo kundi la mawe, ndiyo maana anaogopa maji.

Wafasiri wa lugha mbalimbali walitunga jina lake upya, na karibu wote waliuweka uongo ndani ya jina. Kijapani kinamwita Usokkī: uso ni uongo, ki ni mti, na neno zima linakaribia usotsuki, yaani mwongo. Kijerumani ni Mogelbaum, mti wa kudanganya. Kifaransa kimeunganisha simuler na arbre. Kiingereza, Sudowoodo, kinaficha kidogo kwa tahajia, lakini ukilitamka kwa sauti unasikia "mti wa bandia". Kwa hiyo msomaji wa lugha hizo anayejua jina anajua kila kitu kabla hajamwaga tone la maji. Naona ni hasara, ingawa jina Simularbre lenyewe ni tamu.

Tuje kwetu. Katika lugha nyingi za Kibantu, daraja la 1 (watu) na daraja la 3 (ambamo miti mingi imo) yana kiambishi kimoja cha nomino: mu-. Kiswahili sanifu kinasema mtu na mti, sisi hapa mutu na muti, Kinande omundu na omuti. Ukitazama mwanzo wa neno peke yake huwezi kujua yupi anapumua. Kinachotenganisha ni upatanisho: mtu amesimama, mti umesimama. Kinyarwanda, jirani yetu wa karibu, hakiruhusu mchezo huu, kwa kuwa mti ni igiti, daraja la 7, na umuntu yuko mbali naye. Kiumbe anayetaka kujificha mtini ndani ya lugha, Kiswahili kinampa maficho mazuri kuliko Kinyarwanda. Kiambishi cha nomino ndilo gome lake. Kitenzi kikifika, anakamatwa.

Mdogo wangu, pale nyumbani Murara, anaucheza mchezo huu kwenye simu, kwa Kifaransa. Alipofika kwenye njia ile alisema: "Muti iko mu njia." Baada ya kumwaga maji akapiga kelele: "Eko anakuya!" Kiswahili cha Goma kimepunguza sana upatanisho wa vitu. Kitabu iko, nyumba iko, muti iko. U- ya daraja la 3 haisikiki sana katika mazungumzo yetu, na mgeni kutoka pwani hutuhurumia kwa hilo. Lakini mpaka mmoja haukubomoka. Mama eko ku soko, imbwa eko, mutoto eko. Kati ya iko na eko mtoto wa miaka tisa hakusita, na hakubadilisha jina wala kutaja jina lolote. Alibadilisha irabu moja tu, na irabu hiyo ilibeba habari ile ile ambayo Wajerumani walihitaji neno zima kuibeba.

Vitabu vya sarufi husema daraja la A-WA ni la viumbe hai, kisha huongeza haraka: isipokuwa mimea. Nyongeza hiyo inastahili kutazamwa. Mwalimu wa biolojia hatakubali kwamba muembe si kiumbe hai. Sarufi haiulizi kama kitu kina uhai. Inauliza, nadhani, kama kinaweza kukujia. Ndiyo maana kifaru na kiboko, japo wamevaa ki-, wanapata a-: kifaru amekimbia. Na ndiyo maana Simularbre anahama daraja sekunde ile ile anaposogea, ingawa kwa hakika ameondoka kwenye mmea akawa jiwe, kitu ambacho kina uhai mdogo zaidi!

Hapo pana njia ya tatu, na inanivutia. Jiwe ni daraja la 5: jiwe limeanguka. Zimwi nalo, katika methali tunayoijua sote, halipati a-: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jitu, joka na dude hufuata li- mara nyingi. Kwa asili yake ya mawe na kwa ukoo wake wa mazimwi, Simularbre angestahili li- mara mbili. Aliyekulia Goma hashangazwi na jiwe lenye umbo la mti: lava ikizingira shina na kupoa, mti huungua, likabaki tundu lenye umbo la shina ndani ya mwamba. Hata hivyo sijamsikia yeyote akisema "Simularbre linakuja". Li- inamkuza na kumtisha, na huyu anachekesha. Mazimwi ya mfukoni hayatoshi kuwa mazimwi.

Hadi sasa tumemzungumzia mchezaji. Mfasiri ana kazi ngumu zaidi. Baada ya maji kumwagwa, mchezo unatoa ujumbe kwamba mti ule wa ajabu umeshambulia. Kiingereza kinaweza kuuandika bila kuchagua, maana kitenzi chake cha wakati uliopita hakijali aliyetenda ni nani. Kifaransa vilevile: arbre ni jinsia ya kiume, atabaki wa kiume awe mti au mwongo. Kiswahili hakina pa kukimbilia. "Mti wa ajabu umeshambulia" inaendeleza uongo kwa sentensi moja zaidi. "Mti wa ajabu ameshambulia" inaufichua papo hapo, na msomaji anajikwaa mahali panapostahili kujikwaa. Ningechagua ya pili, na mhariri akiisahihisha ningeirudisha.

Kuhusu jina, mapendekezo ya kwanza niliyoyasikia kwa wenzangu yalikuwa Mtibandia na Mwigamti. La kwanza linamfungia kwenye u-, la pili linamfichua mapema, kwa sababu mw- ya mtendaji ni ya watu. Langu ni Mtimtu. Sehemu zote mbili zinaanza sawa, zinaachana kwenye irabu ya mwisho, na sikio la haraka linaweza kudhani limesikia neno moja likirudiwa. Wingi wake bado tunabishana. Mwenzangu mmoja anashikilia Mitiwatu, mimi naona libaki lilivyo, kitenzi kiseme.