Kwa nini majani yawe ya pinki? Kutoka ukumbi wa picha hadi mikoko ya Rufiji

Hebu fikiria umeingia kwenye ukumbi wa picha za sanaa jijini London. Kimya, kuta nyeupe, watu wanatembea taratibu. Mbele yako kuna picha kubwa ya milima ya Kivu, mashariki mwa Kongo. Nyasi pinki, miti pinki, hadi migomba ni pinki! Unajisemea, "Huyu kachezea rangi kwenye kompyuta."

Wala hakuchezea. Mpigapicha, Richard Mosse wa Ireland, alitumia filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome. Kazi yake ya Kongo ilimpatia tuzo ya picha ya Deutsche Börse mwaka 2014.

Siri iko kwenye jani lenyewe. Klorofili hufyonza mwanga mwekundu na wa bluu, na kijani kidogo kinachorudi ndicho tunachokiona. Lakini jani hurudisha kwa wingi zaidi mwanga mwingine, infraredi, ambao macho yetu hayauoni kabisa. Filamu ile inauona, na kwenye picha inautafsiri kuwa wekundu. Ndiyo maana jani hai linawaka.

Filamu za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya vita. Turubai lililopakwa rangi ya kijani linaweza kudanganya jicho, lakini kama halirudishi infraredi kama jani, linaumbuka.

Sasa twende delta ya Rufiji. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo, ikafunikwa matawi ili ifanane na mikoko. Waingereza walilazimika kuleta ndege kuitafuta, na ikaangamia Julai 1915. Wakati huo marubani walitegemea zaidi macho, na kwa macho tu, kijani ni kijani.

Leo kinachotafutwa delta ni mikoko yenyewe, karibu hekta 50,000. Ukipita na boti kutoka Nyamisati, Kibiti, unaona ukuta wa miti kando ya maji, unaridhika. Nyuma ya ukuta huo kunaweza kuwa na shamba la mpunga. Tangu 1972 setilaiti za Landsat zinapima infraredi kutoka juu, na picha zake zikipangwa kwa mtindo uleule wa Aerochrome, mikoko huonekana myekundu iliyokolea mwaka mzima. Mpunga nao huwa mwekundu ukiwa shambani, ila ukishavunwa wekundu unapotea. Kwa hiyo usiamini picha moja. Linganisha misimu, kisha linganisha miaka.

Na hapa ndipo tunataka uwe makini. Picha hiyo itakuonyesha mikoko imetoweka wapi. Haitakuambia nani alifyeka, wala kama mwaka ule mafuriko yalisomba shamba lake la zamani. Ukiitumia peke yake kumhukumu mkulima, umekosea kama yule aliyesema Mosse kachezea rangi: umetoa jibu kabla ya kuuliza.

Picha za Landsat ni bure tangu 2008, hata wewe uliyeko Kibiti unaweza kuzifungua. Zitazame, halafu panda boti ukawaulize wenyeji.