Mwanao Akionewa Shuleni, Uingie kwa Mlango Upi?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu.)

Mzazi yeyote wa Dar es Salaam anaijua picha hii. Ni saa kumi na mbili asubuhi, kituoni wamesimama watoto kumi na watano wenye sare. Daladala inafika, konda anafungua mlango nusu, anawatazama, anasema, "Wanafunzi wawili tu," na gari linaondoka. Sababu haina fumbo. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, na konda ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Gari la pili nalo ni hivyo hivyo. Mtoto aliyetoka nyumbani gizani anafika shuleni saa moja na nusu, na getini amesimama mwalimu wa zamu na fimbo mkononi.

Binti yangu wa darasa la sita yalimkuta hayo mwaka jana. Alichapwa fimbo tatu za mkono, kisha akaamriwa, yeye na wachelewaji wenzake, kung'oa majani nyuma ya vyoo mpaka saa nne. Saa mbili darasa lake lilikuwa na jaribio la hisabati. Alipoingia darasani jaribio limekwisha, na mbele ya jina lake pameandikwa sifuri.

Jioni hakusema kitu. Aliyetuambia ni mdogo wake, ambaye hana siri. Mama yake alipomkalisha na kumuuliza taratibu, machozi yakamtoka, na aliyoyalilia haikuwa fimbo. Alililia ile sifuri. "Mama, mimi nilikuwa nimesoma," akasema.

Sitawaficha. Usiku ule ule nilivaa viatu nikamtafute yule mwalimu nyumbani kwake, maana mtaa anaokaa naujua. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza swali moja tu: "Ukishamtukana, kesho nani atamfundisha mtoto?" Nilivua viatu. Ndipo nilipoanza kujifunza mambo ambayo leo nataka tuyazungumze, kwa sababu baadaye niligundua kwamba wazazi wengi tuko katika kambi mbili. Kuna wanaokwenda shuleni na panga la maneno, na kuna wanaosema, "Mwalimu hakosei, lazima ulifanya kitu," na kumwongezea mtoto kofi la nyumbani. Kambi zote mbili zina kasoro moja: hakuna aliyeuliza ilikuwaje.

Kwanza, basi, muulize mtoto. Usimuulize mbele ya wadogo zake, wala usimuulize ukiwa umefura, kwa sababu mtoto akiona hasira atasema kile kitakachoituliza. Binti yangu nilimuuliza asubuhi ya pili, Jumamosi, tukiwa tunachambua mchele. Nilimuuliza siku gani, saa ngapi, mwalimu gani, alisema maneno gani, na nani alikuwapo. Nikayaandika. Humo humo likatoka jambo ambalo hakulisema usiku: wiki ile alikuwa amechelewa mara tatu, na mara moja kati ya hizo haikuwa kosa la konda. Alipitia kwa rafiki yake kumsubiri amalize kusuka nywele. Nalo nililiandika. Mzazi anayekwenda na nusu ya habari huangushwa na ile nusu nyingine, tena mbele ya watu.

Kama mtoto ana alama mwilini, uvimbe, damu, sikio linalouma au jicho jekundu, hayo mazungumzo yote yasubiri. Hospitali kwanza. Na kama jeraha ni la kupigwa, pitia polisi uchukue ile fomu ya PF3, ili daktari aandike alichokiona siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili alama hupotea, na hapo linabaki neno la mtoto dhidi ya neno la mtu mzima.

Sasa tuitazame sheria, maana wengi tunabishana na walimu bila kujua ni nini hasa wameruhusiwa. Jirani zetu wa Kenya waliiondoa fimbo katika shule zao mwaka 2001. Sisi Tanzania Bara hatujaiondoa. Lakini hatukuiacha itembee hovyo pia. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zipo Kanuni za Adhabu ya Viboko, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002. Kanuni hizo zinasema kiboko ni kwa makosa makubwa ya utovu wa nidhamu, au makosa yanayoiaibisha shule. Zinasema viboko visizidi vinne. Zinataka adhabu ilingane na uzito wa kosa, umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake. Anayeitoa ni mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu aliyeidhinishwa na mkuu huyo kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina hata mwalimu mmoja wa kike. Na kila mara adhabu ikitolewa, iandikwe katika daftari: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Mwalimu anayezikiuka anaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu.

Soma tena hayo, kisha fikiria mwalimu wa zamu anayechapa mstari mzima wa watoto getini. Kuchelewa daladala si kosa kubwa la nidhamu kwa maana yoyote ninayoijua. Kumchapa kila mtoto bila kumuuliza sababu si kupima uzito wa kosa. Na fimbo inayotembea mkononi mwa kila mwalimu, ya kuonyeshea ubaoni asubuhi na kuchapia mchana, haina idhini ya maandishi ya mtu yeyote. Mwaka 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mafunzo wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari huko Mbeya kwa mateke na ngumi. Watu walijadili ukatili wao, na walistahili kulaumiwa. Ila kwa kanuni hizi hakuna ngumi wala teke linaloitwa adhabu, hata likitolewa na mkuu wa shule.

Ipo pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 13 kinakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha, na kinasema kumrekebisha mtoto hakukubaliki kama kumepita kiasi kwa umri wake na hali yake ya mwili na akili. Sheria hii inatuhusu hata sisi wazazi. Yule aliyemwongezea mtoto kofi la nyumbani naye aisome.

Wapo wanaosema tunakuza mambo, kwamba sisi wenyewe tulichapwa na tumekuwa watu. Mwezi Agosti 2018, huko Bukoba, mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kuchapwa shuleni, akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Tuhuma tu. Mimi nikisikia "tulichapwa na tumekuwa watu," humkumbuka huyo ambaye hakupata nafasi ya kuwa mtu mzima.

Narudi kwenye safari yangu. Jumatatu nilikwenda shuleni, sikwenda darasani. Hili ni jambo dogo lenye uzito mkubwa: ukimvamia mwalimu mbele ya wanafunzi wake, umemtoa katika mazungumzo na kumtia katika vita ya heshima, na katika vita hiyo hawezi kukubali kosa hata akiliona. Nilisaini kitabu cha wageni, nikaomba kumwona Mwalimu Mkuu. Alikuwa mama wa makamo, ana rundo la madaftari mezani.

"Karibu, mzee," akasema, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kutukanwa.

"Ahsante, mama. Sikuja kugombana. Nimekuja kusikia ilikuwaje."

Nikaona mabega yake yakishuka. Akamwita mwalimu wa darasa, na mwalimu wa zamu wa siku ile, ambaye alikuja chaki ikiwa bado mkononi. Nilisoma nilichoandika, pamoja na ile habari ya nywele. Yule mwalimu wa zamu alinyamaza kidogo, halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Mzee, siku ile wachelewaji walizidi mia moja, nami niko peke yangu getini. Na mimi mwenyewe napanda daladala hizo hizo." Sikupata jibu la haraka. Niliyekuwa nimemvalia viatu usiku alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amechoka, amepewa geti, fimbo na watoto mia moja.

Hata hivyo uchovu wake haukuifuta sifuri ya binti yangu. Niliomba kwa adabu kuona daftari la adhabu. Likaletwa. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa miezi mitano nyuma. Mwalimu Mkuu aliutazama, akalifunga mwenyewe. Sikusema kitu, maana lilikuwa limeshasema.

Wazazi wengi hufika hapo wakaridhika na kumwona mwalimu akiinamisha kichwa, wakaenda zao. Mtoto hanufaiki na kichwa cha mwalimu. Kabla ya kwenda, jiulize ni kitu gani mwanao amepoteza, na ukiombe hicho. Kama aliitwa mwizi mbele ya mstari na mwizi akaonekana ni mwingine, omba jina lake lisafishwe mbele ya mstari huo huo, si ofisini kwa kunong'ona. Kama darasa zima liliadhibiwa kwa kosa la mmoja, omba utaratibu huo uachwe. Mimi niliomba mawili: binti yangu na wenzake wafanye jaribio lile, na watoto waliochelewa wasizuiwe kuingia darasani. Kufagia kama lazima kufagie, kuna saa za mchana. La kwanza lilikubaliwa pale pale. La pili nikaambiwa litapelekwa kwenye kamati ya shule.

Na kama mlango huo ungefungwa? Ipo milango mingine, nayo hugongwa kwa mpangilio. Kamati ya shule kwa msingi, au bodi kwa sekondari, ina wawakilishi wa wazazi, mtafute mwenyekiti. Baada yake yuko Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri. Kwa mwalimu wa shule ya serikali, nidhamu yake iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Kuanzia ngazi ya kata andika barua, nakala mbili, na ile ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Maneno ya mdomo katika ofisi zetu huishia mlangoni ulikoingilia. Lakini mtoto akiumizwa, au akiguswa isivyostahili, usipande ngazi moja moja. Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au piga simu namba 116, haina malipo. Hayo si mambo ya kumalizwa kwa soda ofisini kwa mkuu.

Wenye watoto katika shule binafsi hunieleza kwamba wao huambiwa, "Kama hamridhiki, mhamisheni." Ada haiinunui shule kutoka kwenye kanuni. Viboko ni hivyo hivyo vinne, na daftari ni lile lile.

Linabaki moja, ambalo ndilo hasa hutufunga midomo. Mtoto ataandamwa. Hofu hiyo si ya kijinga, hata binti yangu aliniomba nisiende. Nilimwambia Mwalimu Mkuu waziwazi, mbele ya wale walimu wawili: "Mtoto wangu anaogopa kwamba baada ya leo atachukiwa. Naomba nimpelekee jibu lenu." Ni yule mwalimu wa zamu aliyejibu. Alisema, "Mwambie aje aniamkie kama kawaida." Kwa mwezi mzima nilikagua madaftari yake kila jioni na kumuuliza siku ilikwendaje, nami nilirudi shuleni mara moja, bila malalamiko yoyote, kusalimia tu. Shule ikimjua mzazi kwa sura, mambo mengi hupungua.

Jaribio walilifanya Ijumaa, watoto kumi na wanane wa darasa lake. Binti yangu alipata thelathini na nne kwa hamsini, si haba. Kamati ilikaa baada ya wiki tatu. Siku hizi getini pana daftari, mchelewaji anaandika jina na sababu na kuingia darasani. Anayechelewa mara kwa mara mzazi wake huitwa. Fimbo bado naiona mikononi mwa baadhi ya walimu, na mkutano ujao wa wazazi nimeomba lizungumzwe.

Kuhusu daladala, hilo bado. Nimebadili ratiba yangu, saa kumi na moja na nusu tunatoka pamoja. Konda akiona mwanafunzi ameshikwa mkono na mtu mzima, mlango hufunguka wote.