Kamyoneti ya Chama: Mara Tano Garaji

Wamama wengi mnatusimamisha njiani, kwenye pompi ya maji na hata mlangoni pa masomo, mkiuliza neno moja: kamyoneti ya chama ilikuwa wapi siku zote zile? Kuna waliosema tumeiuza. Kuna waliosema benki imeikamata juu ya deni. Basi tunaeleza yote hapa, kwanza kwa sababu feza ilikuwa yenu, tena kwa sababu vikundi viwili vya jirani vimetuambia vinataka kununua gari yao mwaka huu.

Mnakumbuka namna tulivyoinunua. Wamama 62, vikundi vinne, miaka minne ya likelemba. Kuna aliyetoa feza ya makala, aliyetoa ya unga, aliyetoa ya mikate. Nusu ya bei ilitoka mikononi mwetu, nusu tulikopa. Tungeweza kununua gari ya okazyo iliyopitia Dar es Salaam, kwa bei ya chini, na wababa wengi nyumbani walitushauri hivyo. Tulikataa kwa sababu moja: gari mpya ilikuwa na garanti. Miaka miwili ao kilometa 60,000, lile litakalotimia mbele. Mstari huo ulisomwa katika mkutano, na watu wakapiga vigelegele. Mistari mingine ya karatasi ile, yenye herufi ndogo, hatukuisoma. Tutaona mbele namna ilivyotugharimu.

Mwezi wa nne tangu kuinunua, gari ilikuwa inatoka Kasenga na samaki. Wanaoijua njia ile wanajua: zaidi ya kilometa 200 mpaka Lubumbashi, vumbi wakati wa jua, matope wakati wa mvua. Katikati ya njia taa ya manjano yenye picha ya motere ikawaka, na gari ikakosa nguvu. Shofere akakanyaga, gari haikupita kilometa 40 kwa saa. Ilifika mjini usiku sana, barafu imekwisha kuyeyuka. Beseni 11 za makobo ziliharibika. Wenye samaki wale tunawajua wote, na hakuna aliyewalipa mpaka leo.

Kesho yake tulienda kwa muuzaji. Mkubwa wa garaji alitupokea vizuri, akatuweka kwenye viti, akasema, “Wamama, haya ni mazutu mabaya. Mlinunua kwa Kadafi.” Shofere wetu akainamisha kichwa. Ni kweli, alikuwa ameongeza bidoni moja njiani. Mafundi wakafunga mashine yao ndogo chini ya usukani, wakafuta taa, wakasafisha filtre, na saa kumi tukarudishiwa gari. Hatukulipa kitu. Tulirudi nyumbani tukiwasifu. Hatukuomba karatasi yoyote, na wao hawakutupa.

Juma tano baadaye taa ikawaka tena, safari hii gari imebeba mahindi kutoka upande wa Kasumbalesa. Garaji wakabadilisha kapteri moja. Juma tatu tena, taa ile ile. Wakaiweka gari kwao siku 23, wakisema kipande kinatoka ngambo. Deni la benki halikungoja kipande. Kila mwisho wa mwezi lilikuwa mlangoni, na wamama walikuwa wakilipia mizigo yao fasi kwenye malori ya watu. Mama mmoja alichelewesha minervali ya mtoto wake wa sekondari, na mtoto akakaa nyumbani juma mbili. Tunaandika hivyo ili wale wanaosema “gari ni chuma tu” waelewe tulichokuwa tunalilia.

Lakini lililotuumiza zaidi lilikuwa dogo. Mara ya tatu, kijana wa mapokezi aliangalia kompyuta yake akatuuliza, “Gari hii imekwisha kuja hapa?” Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Kwenye kompyuta ile tulionekana mara moja tu, siku ya kapteri. Siku ya kwanza, ile ya kufuta taa, haikuandikwa popote. Kwao ugonjwa ulikuwa mpya. Kila fundi aliyetupokea alianza na swali la mazutu, na kila mara tulijibu kama wakosefu.

Sisi wenye kushika chaki tunajua jambo hili kutoka kalasini. Mtoto anayechelewa kila siku, kama hakuna aliyeandika, mwisho wa mwezi mzazi atakuambia, “Mwanangu? Hapana, alichelewa siku moja tu.” Jioni ile tukachukua kaye ya mraba, tukachora mistari, tukaifungulia gari rejista. Tarehe. Kilometa kwenye saa ya gari. Mzigo gani, njia gani, motere imetembea saa ngapi kabla ya taa kuwaka. Mazutu yalinunuliwa wapi, na risiti imebandikwa pembeni. Nani alitupokea garaji, alisema nini, gari iliingia tarehe gani na ikatoka tarehe gani. Shofere alinung’unika juma moja, kisha akaizoea kazi hiyo kuliko sisi. Ni yeye aliyegundua, akisoma kurasa zake mwenyewe, kwamba taa haikuwahi kuwaka mjini hata siku moja. Inawaka gari ikiwa na mzigo, kwenye barabara ya mashimo, baada ya saa mbili hivi.

Hapo tukaelewa kwa nini garaji hawakuiona. Wao waliijaribu gari tupu, kwenye lami, dakika kumi, wakarudi na kusema ni nzima. Hawakudanganya. Gari ilikuwa nzima kweli, pale.

Neno moja juu ya mazutu, kwa maana wamama wengi wameuliza kama lawama ile ilikuwa ya bure. Si ya bure. Motere za mazutu za zamani zilivumilia mengi. Hizi za sasa zinasukuma mazutu kwa presyo inayopita bar 1,000, wakati tairi la gari ndogo lina bar 2 ao 3 tu, na matundu ya enjektere ni madogo kuliko tundu la sindano. Tone la maji ao uchafu kidogo unaweza kuharibu vipande vya bei kubwa sana, na garanti haitalipa. Kwa hiyo tangu siku ile tunanunua station moja tu, tunashika risiti, na kwa safari ya mbali gari inajazwa kabla ya kutoka. Mkilazimishwa kununua njiani, chukueni kidogo kwenye chupa nyeupe, muiache itulie: maji ni mazito kuliko mazutu, yatashuka chini na mtayaona. Tena, magari mengi yana kifunguo kidogo chini ya filtre cha kutolea maji. Shofere wetu hakukijua. Muulizeni wa kwenu.

Mara ya nne tulikwenda na kaye kwapani, na hapo ndipo herufi ndogo zilipotungoja. Mkubwa wa garaji alifungua karatasi ya garanti akatuonyesha: servisi ya kwanza ilipaswa kufanyika kwenye kilometa 10,000. Sisi tuliifanya kwenye 11,400, kwa sababu mwezi ule feza yote ilienda benki. “Kwa hiyo,” akasema, “garanti inaweza kuwa imekwisha.” Angalieni neno lile, *inaweza*. Mama kesyere wetu, ambaye hakumaliza hata sekondari, ndiye aliyelisikia. Akamwambia kwa heshima, “Baba, tuandikie hayo kwenye karatasi, utie na muhuri.” Yule bwana akasema atatupigia simu. Hakupiga.

Mtoto wa mwenzetu mmoja alisoma sheria Unilu. Tulimwita nyumbani, tukampikia bukari, tukamwekea kaye mezani. Alitueleza mambo mawili ambayo hatukuyajua. La kwanza, garanti ya karatasi ni ahadi ya muuzaji, lakini chini yake kuna sheria. Dekrete ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888 juu ya mapatano, ya tangu wakati wa Leopold, inasema muuzaji anajibu kwa kasoro iliyojificha ndani ya kitu alichouza, kama inakizuia kitu kufanya kazi yake. Na kwa wafanyabiashara wanaouziana wao kwa wao, kuna sheria za OHADA, zilizoanza kutumika katika Kongo tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 2012. La pili ni kwamba sheria haimsubiri anayelala. Dekrete ile inataka mnunuzi alalamike kortini kwa muda mfupi. Anayeenda garaji mara kumi kwa mdomo tu, akingoja kesho, anaweza kufika kortini akiwa amechelewa.

Alitusimulia pia juu ya Australia, tusidhani mambo haya ni ya maskini peke yao. Kule, magari 264,170 ya Toyota ya mazutu, Hilux, Prado na Fortuner, yaliyouzwa kati ya 2015 na 2020, yalikuwa na kasoro kwenye filtre inayoshika masizi ya moshi. Yakienda mbio kwa muda, filtre ilishindwa kuyachoma masizi yake, na moshi mweupe wenye harufu ulitoka nyuma. Wenye magari walirudi garaji na kurudi tena. Mwaka 2022 jaji aliamua kwamba magari yale yaliuzwa na kasoro na thamani yake ilikuwa chini ya bei waliyolipa watu. Ubishi juu ya kiasi cha kupunguza ulipanda mpaka korti kubwa kuliko zote nchini humo, mwaka 2024. Mama mmoja akauliza, “Na wao walikuwa na kaye?” Tukacheka, lakini kijana akasema ndiyo, kesi kama hizo zinasimama juu ya karatasi za garaji.

Tukaandika barua. Ukurasa mmoja, Kifaransa cha heshima, bila matusi wala vitisho (rasimu ya kwanza ilikuwa nayo, tuliichana). Tuliandika tarehe nne, kilometa nne, taa ile ile mara nne. Tulikubali wenyewe juu ya servisi iliyochelewa, tukauliza kilometa 1,400 zile zinahusiana vipi na ugonjwa uliokuwepo kabla yake. Tukaomba jambo moja tu: fundi mmoja apande gari yetu, na mzigo ndani, mpaka taa iwake. Tulipeleka nakala mbili. Moja ilibaki kwao, nyingine sekretere wao akaipiga muhuri na tarehe, tukarudi nayo. Bila muhuri ule, barua ni hewa.

Siku nne baadaye walipiga simu.

Fundi waliyemtuma alikuwa kijana mpole, na tunafikiri hakuwa amewahi kusafiri juu ya magunia ya unga pamoja na wamama watatu wanaomwangalia. Alikaa mbele na mashine yake mapajani. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, njia ya Kasenga. Saa moja, hakuna kitu. Saa moja na nusu tangu kutoka, hakuna, na tukaanza kuogopa kwamba siku hii gari itatuaibisha kwa kuwa nzima. Kisha, baada ya shimo moja kubwa, taa ikawaka na nguvu ikaisha. Shofere akapiga makofi kama aliyeona bao. Fundi alisoma mashine, akafungua kapo, akalala chini ya gari kwenye vumbi muda mrefu. Alipotoka alituonyesha kwa kidole: fungu la waya linaloenda kwenye motere lilikuwa limefungwa karibu mno na chuma. Mzigo ukiwa mzito na gari ikitikisika, waya zilikuwa zinasuguana, ngozi yake imekwisha kulika, na zikigusa chuma kompyuta ya gari inapunguza nguvu kuilinda motere. Mazutu hayakuhusika. Kapteri haikuhusika.

Kazi ile ilichukua nusu siku garaji. Safari hii tulitoka na karatasi: ugonjwa, sababu, kilichobadilishwa, muhuri. Tangu hapo gari imetembea kilometa zaidi ya 6,000, na taa imelala.

Limebaki jambo moja. Tukijumlisha kwenye kaye, gari ilikaa kwao siku 51, na siku hizo zote garanti ilikuwa inaendelea kuhesabika. Tumeomba ziongezwe mwishoni. Mkubwa wa garaji alikubali, kwa mdomo. Mama kesyere alimshukuru, akamwomba aandike. Amesema turudi Alhamisi.