Habari ya Simu: Tuhakiki Matini Ipi?

Wenzetu wa uandishi wa habari hapa Mlimani si wageni: chuo chao kilianzishwa mwaka 1975, kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Sisi wa fasihi tumezoea kusema eti gazeti si letu. Kumbe Muhammed Said Abdulla alikuwa mhariri wa magazeti Unguja kabla ya kutoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960!

Hebu tuitazame habari kama matini. Gazeti la karatasi likishachapwa, limechapwa. Likikosea, kosa linabaki maktaba na masahihisho hutoka toleo jingine. Habari ya mtandaoni sivyo. Asubuhi ina kichwa hiki, adhuhuri kile, na msomaji wa jioni hajui kilichofutwa. Sasa mhakiki ashike ipi?

Jibu, nadhani, tunalo wenyewe. Ngano nayo hubadilika kila inapotambwa. Ndiyo maana mtafiti wa fasihi simulizi huandika nani kaitamba, wapi, lini, mbele ya hadhira gani. Basi mwanafunzi wa habari naye ahifadhi kila sura ya habari, na tarehe na saa yake, kisha azilinganishe.

Ila tofauti moja ipo, na ndiyo nzito. Fanani akibadili ngano, hadhira inamwona, tena inaweza kumwuliza palepale. Mhariri akifuta kimya kimya, tumwulize nani? Swali hilo linastahili kuingia darasani, lao na letu.