Anga la Mtaani, Sehemu ya 3: Lenzi ya Jicho

Mtoto wa tisa ndiye aliyelalamika. Wanane waliomtangulia walikuwa wameinama, wakatazama, wakanyamaza na kumpisha mwenzao, nami nikadhani kimya chao ni cha mshangao. "Mwalimu," akasema, "hapa ni giza tu." Nikainama mwenyewe. Zohali ilikuwa imeshatoka zamani, na adabu ndiyo iliyowafunga midomo wale wanane.

Tulikuwa juu ya paa la ghorofa katika mtaa wa Umoja, Eastlands, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji. Darubini ilikuwa ile ile niliyoieleza juma lililopita: ya kioo, kipenyo milimita 114, urefu wa fokasi milimita 900. Haikuwa na hitilafu. Kosa lilikuwa langu, nalo lilikaa ndani ya kitu kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, kile kinachochomekwa pale jicho linapowekwa. Nilikuwa nimechomeka lenzi ya jicho ya milimita 4 ili watoto waione Zohali kubwa. Kumbe niliwanyima kuiona kabisa.

Watu hununua darubini wakiuliza, "Hii inakuza mara ngapi?" Swali hilo halina jibu, kwa kuwa darubini haina ukuzaji wake yenyewe. Kioo kikubwa kilicho chini hukusanya mwanga na kuunda taswira ndogo karibu na mdomo wa bomba. Lenzi ya jicho ni kikuzi cha kuitazamia taswira hiyo, sawa na kile cha fundi saa wa barabara ya River Road. Ukitaka kujua ukuzaji, gawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho. Darubini yangu ikivaa lenzi ya milimita 25, unapata 36. Ikivaa ya milimita 4, unapata 225. Namba kwenye lenzi inavyopungua, ndivyo ukuzaji unavyopanda, na hapo ndipo wanunuzi wengi hujikwaa.

Hesabu ya pili ndiyo iliyonitia aibu Umoja. Kila lenzi ya jicho ina upana wake wa kuonea, unaopimwa kwa nyuzi. Lenzi rahisi ya milimita 4 inayokuja na darubini za bei nafuu huwa na nyuzi 30 hivi. Gawanya 30 kwa ukuzaji wa 225, na kipande cha anga unachokiona ni nyuzi 0.13, yaani robo tu ya upana wa mwezi mpevu. Dunia nayo haisubiri mtu. Inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo sayari inavuka uzi mmoja kila dakika 4. Kwa lenzi ile, Zohali inaingia upande mmoja na kutokea wa pili kwa sekunde 32. Mtoto ambaye hajawahi kushika darubini humaliza sekunde 20 akitafuta tu mahali pa kuweka jicho. Wa kwanza aliona. Wa pili labda. Waliobaki walitazama giza la heshima.

Lenzi ya Plössl ya milimita 25 ina upana wa nyuzi 50 hivi. Gawanya kwa 36 upate nyuzi 1.4, na sayari inakaa ndani kwa zaidi ya dakika 5. Ni ndogo, naam, lakini pete zake zinaonekana. Watoto kumi wanapita kabla sijaigusa darubini tena. Ndiyo maana ukiniuliza lenzi ninayoipenda kuliko zote, sitakutajia ya ghali wala yenye nguvu. Mtaani, lenzi huchaguliwa kwa kuangalia foleni.

Jirani yangu wa Buruburu aliwahi kuniletea sanduku la darubini ya watoto alilolinunua mjini, limeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba inakuza mara 525. Hawakudanganya hesabu. Fokasi ilikuwa milimita 700, lenzi ndogo kabisa milimita 4, na kulikuwa na lenzi ya Barlow ya kuzidisha mara tatu. Ukigawanya 700 kwa 4 na kuzidisha kwa 3 unapata 525 kamili. Walichokificha ni kwamba kipenyo cha darubini hiyo ni milimita 60, na ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 120. Ukipita hapo unakuza ukungu. Ni kama kuongeza maji kwenye chai ya watu wawili ili itoshe matanga.

Lenzi za sanduku lile zilikuwa na herufi, na ni vizuri kuzijua kabla hujafungua pochi. H ni Huygens, Mholanzi Christiaan Huygens wa karne ya 17, aliyeunganisha lenzi mbili sahili. SR ni aina ya Ramsden, Mwingereza aliyetoa mpangilio wake mwaka 1782. K ni Kellner wa Ujerumani, 1849. Kwa hiyo mtu anaweza kununua darubini mpya leo akakuta ndani yake mawazo ya kabla ya umeme. PL ni Plössl, fundi wa Vienna aliyebuni mwaka 1860 lenzi nne zilizogandishwa mbili mbili. Hiyo nayo ni ya zamani, ila hii imestahili kuzeeka. Mwanga unapita vizuri, na viwanda vingi vinaitengeneza hata bei imekuwa ya kuvumilika. Seti ya darubini ya Galileoscope, iliyobuniwa kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia wa 2009 ili wanafunzi waiunganishe wenyewe, iliwekewa muundo wa Plössl wa milimita 20, nayo inakuza mara 25 tu. Galileo mwenyewe hakuhitaji zaidi sana.

Hata hivyo Plössl ina ubaya wake, na ubaya huo unawapata zaidi watu wa umri wangu. Jicho linapaswa kukaa mbali na kioo kwa takriban asilimia 70 ya urefu wa fokasi. Kwa lenzi ya milimita 25 hiyo ni milimita 17, nafasi ya kutosha. Kwa lenzi ya milimita 10 ni milimita 7, na kope zinapangusa kioo. Mwenye miwani hawezi. Kama miwani yako ni ya kuona mbali au karibu tu, ivue na uzungushe kirekebishi mpaka picha itulie. Darubini itafanya kazi ya miwani. Kama una astigmatizimu, ibakishe, kisha tafuta lenzi ya fokasi ndefu uitie Barlow chini yake. Peter Barlow aliibuni miaka ya 1830, na mpaka leo ndiyo njia rahisi ya kufanya lenzi mbili ziwe nne: ya milimita 25 ikitiwa Barlow ya mara mbili inakuwa kama ya 12.5, na jicho linabaki limestarehe.

Sasa tuje kwenye anga letu lenyewe. Vitabu vya Marekani hushauri kuanza na lenzi ya fokasi ndefu, milimita 32 au 40, eti inaonyesha nyota nyingi kwa mpigo. Huko Samburu au Magadi, sawa. Eastlands tuna taa za mulika mwizi, zile zilizotundikwa juu ya milingoti mirefu Kayole na Dandora, na sina ugomvi nazo, maana mama anayefunga kibanda saa nne usiku anazihitaji kuliko mimi. Lakini zinaipaka anga rangi ya uji. Lenzi ya milimita 32 kwenye darubini yangu hutoa mwali wa mwanga wenye upana wa milimita 4 kuingia mboni ya jicho, na uji wote unaingia nao. Nikiweka ya milimita 17, ukuzaji unakuwa 53 na mwali unapungua hadi milimita 2. Anga inageuka nyeusi zaidi, huku nyota, kwa kuwa ni nukta, zinabaki na ukali wake. Kwa vishada vya nyota kusini, kwa nebula ya Orioni, na kwa Omega Centauri inayoonekana kama ukungu wa chumvi, lenzi za kati, 15 hadi 18, hushinda zote hapa mjini. Jifunike kichwa na blanketi au leso nyeusi unapotazama. Majirani watasema, ndio, lakini utaona mara mbili zaidi.

Nguvu kubwa ina adui mwingine tunayemjenga wenyewe. Paa la saruji hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Mpaka saa tatu au saa nne hewa iliyo juu yake inatetemeka, na lenzi ya milimita 6 itakuonyesha Mshtarii akichemka kama maandazi kwenye mafuta. Sayari hapa kwetu hupita karibu na utosi, kwa hiyo zinavuka hewa kidogo kuliko zinapotazamwa Ulaya. Ni bahati kubwa, na tunaipoteza kwa kuweka darubini juu ya zege la moto. Kiwanja chenye nyasi ni bora, ikiwa mlinzi atakuruhusu.

Wenye pesa wana dini yao, nayo ina mtume: Al Nagler, Mmarekani aliyeshughulikia lenzi za mashine za kuwafundishia wanaanga wa Apollo kutua mwezini, akaanzisha kampuni ya Tele Vue mwaka 1977, kisha akaleta lenzi yenye upana wa nyuzi 82. Waliozoea Plössl wanasema ni kama kutoka kwenye tundu la ufunguo na kusimama mlangoni. Baadaye zikaja za nyuzi 100. Bei ya lenzi moja ya namna hiyo hupita bei ya darubini nzima kama yangu, na baadhi ni nzito hata zinainamisha bomba. Je, zina maana? Kwa darubini kubwa yenye fokasi fupi, zina maana. Shirika la Travelling Telescope la Susan Murabana na Chu Owen, ambalo limekuwa likizungusha darubini mashuleni nchini, linajulikana kwa darubini yake ya inchi 12. Darubini za jinsi hiyo hukusanya mwanga kwa pembe kali, na lenzi rahisi ikiwekwa juu yake huzigeuza nyota za ukingoni kuwa mabawa ya kumbikumbi. Yangu ina pembe ya upole. Plössl haitaabiki nayo.

Kwa asiye na hata bei ya Plössl, kuna Gikomba. Darubini za macho mawili zilizovunjika upande mmoja hutokea kwenye mitumba, na lenzi zake za jicho mara nyingi ni za Kellner, safi kabisa. Tundu la kuchomekea lenzi ya jicho katika darubini nyingi za leo ni la inchi moja na robo, yaani milimita 31.75. Bomba la plastiki la maji la milimita 32 linaizidi kwa robo milimita tu, nayo robo hiyo huondoka kwa msasa na subira ya jioni moja. Kata kipande cha vidole viwili, paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, gundisha lenzi. Nimefanya mbili. Moja imepinda kidogo na bado naipenda.

Kitu kimoja usikiokoe. Katika masanduku ya zamani kuna kioo kidogo cheusi kinachokazwa kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa kuwa ni cha kutazamia jua. Joto lote la jua hukusanyika hapo, kioo hupasuka, na jicho halina muda wa kukwepa. Kiponde kwa nyundo. Kichujio salama hufunika mdomo wa mbele wa darubini, kabla mwanga haujakusanywa.

Niliirudia Umoja mwezi wa Januari, anga ikiwa kavu, nikiwa na lenzi ya milimita 25 mfukoni. Kilimia kilikuwa juu. Kwa lenzi ya milimita 4 ungepata nyota moja na weusi mtupu. Kwa hii, zote zinakaa pamoja, kwa kubanana kidogo. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa amepanda kuanua nguo. Akavua miwani, akainama, akahesabu kwa sauti mpaka nane, akasema kwao zilikuwa za kupandia mbegu. Kisha akakumbuka nguo zake. Alipozimaliza na kurudi na beseni kiunoni, sikuwa nimegusa kitu. Akainama tena. Nyota nne zilikuwa bado zimo, ukingoni, zikielekea kutoka.